Paka wa nyumba haingwa, lakini nani atamlipia daktari?

Wahenga walinena kwamba paka wa nyumba haingwa. Maana yake ni kuwa aliye mwenyeji wa nyumba, hata awe mdogo na asiye na sauti, hafukuzwi kama mgeni. Nimeifundisha methali hii kwa miaka mingi, nikaichambua ubaoni na kuwatahini wanafunzi wangu kwayo. Hata hivyo, sikuielewa barabara hadi Jumamosi moja mwishoni mwa Aprili 2023, paka wetu aliposhindwa kukojoa.

Naomba radhi kwa neno hilo la mwisho. Najua kwamba katika ukurasa kama huu adabu ingetaka niseme "kwenda haja ndogo". Lakini msomaji atakayenivumilia hadi mwisho ataona kwa nini nimeamua kuliita jambo kwa jina lake.

Nyumba yetu ipo pembezoni mwa mji wa Embu. Simba, dume la rangi ya majivu, nilimtoa nyumbani kwa mama yangu karibu na Nkubu, kule Meru. Nilimsafirisha ndani ya kiondo, tukapita daraja la Nithi, Chuka na Runyenjes, naye akilia njia nzima hata abiria wa matatu wakanifanya kichekesho. Kazi aliyoajiriwa ilikuwa kuwinda panya katika stoo ya mahindi. Muda si muda akapandishwa cheo, akawa mwandani wa binti yangu wa miaka tisa, ambaye humsomea vitabu vya hadithi kila jioni. Nina hakika kwamba paka huyo amesikia fasihi ya watoto kuliko wengi wa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza.

Jumamosi hiyo alionekana akienda na kurudi nyuma ya tangi la maji mahali alipozoea kujisaidia. Alichuchumaa, akajikakamua, akalia kwa sauti nzito ambayo hatukuwa tumeisikia, kisha akajilamba na kuanza upya. Mke wangu alisema paka amefunga choo. Nami, kama mume mwenye busara, nilikubaliana naye.

Hapa inanilazimu kukiri jambo moja la kilugha. Mtaani kwetu mimi huitwa "daktari" kwa sababu ya shahada yangu ya uzamifu, ingawa ninachoweza kutibu ni upatanisho wa kisarufi. Kijana anayeuza mbegu, mbolea na dawa za mifugo katika duka la agroveti naye huitwa "daktari". Daktari wa mifugo aliyesomea taaluma hiyo naye, bila shaka, ni "daktari". Neno limetupwa juu ya watu watatu kama blanketi moja juu ya watoto watatu, na kila mmoja huvutia kwake. Simba alikuwa na bahati mbaya ya kuanza matibabu yake kwa madaktari wawili wa kwanza.

Nilikwenda dukani. Kijana wa watu hakumwona mgonjwa, wala hakuuliza kama ni dume au jike. Aliniuzia mafuta ya mbarika, akaniambia nimnyweshe vijiko viwili. Tukamnyweshea, nusu kinywani na nusu kwenye shati langu. Jirani mmoja, ambaye nia yake ilikuwa njema, alishauri tumpe nusu kidonge cha parasetamoli kupunguza maumivu. Ni usahaulifu wetu tu uliomwokoa paka, kwani baadaye nilifahamishwa kwamba dawa hiyo tunayoimeza sisi kila kichwa kinapouma ni sumu kali kwa paka, na kipande kidogo chaweza kumuua.

Jumapili mchana Simba alijificha chini ya kitanda, akatapika na kukataa hata maziwa. Binti yangu ndiye aliyefanya uchunguzi wa maana. Alimpapasa, akasema, "Baba, ndani ya tumbo kuna kitu kigumu kama chungwa." Nilimpigia simu mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu upande wa Runyenjes, naye akanipa nambari ya daktari wa mifugo. Daktari huyo alifika magharibi, buti zake zikiwa na tope bichi, kwa kuwa alikuwa ametoka kumzalisha ng'ombe aliyekwama. Alimgusa paka tumboni kwa vidole viwili, akaniangalia.

"Mwalimu, huyu hakufunga choo. Mkojo umeziba. Tukingoja hadi kesho asubuhi, huenda tusimkute."

Nilimwomba anieleze, naye alinieleza kwa Kiswahili kilichonyooka. Mrija unaotoa mkojo kwenye kibofu cha paka dume ni mrefu na mwembamba sana, hasa unapokaribia mwisho. Wa jike ni mfupi na mpana zaidi, ndiyo maana ugonjwa huu ni nadra kwa majike. Katika mkojo mzito wa dume hufanyika fuwele ndogo mithili ya chembe za mchanga, ambazo hushikamana na ute, zikawa kama kizibo cha chupa. Figo hazijui kwamba njia imefungwa. Huendelea kutengeneza mkojo. Kibofu hujaa hadi kikawa kigumu kama chungwa, kama alivyosema binti yangu. Kisha sumu ambayo ingetoka hurudi katika damu. Madini ya potasiamu hupanda, na potasiamu ikizidi, moyo hupoteza mwendo wake na kusimama. Yote haya huweza kutukia katika muda wa siku moja hadi tatu.

Kwa nini mkojo wa paka ukawa mzito hivyo? Mababu wa paka wa nyumbani walikuwa paka-mwitu wa nchi kavu za Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Kati. Walizoea kupata maji ndani ya mawindo yao, na viu haikuwasukuma kunywa sana. Mjukuu wao aliye Embu amerithi koo ile ile, lakini sisi tulikuwa tukimlisha dagaa wakavu wa kutoka Ziwa Viktoria, asubuhi na jioni, na kibakuli cha maji kikikaa kando bila kuguswa. Tulidhani tunamtendea hisani.

Kabla ya kufanya lolote, daktari alichukua kalamu akaniandikia gharama. Nampongeza kwa hilo, kwa maana wapo wataalamu wengi wanaoanza kwa sindano na kumalizia kwa mshtuko. Kumwona mgonjwa nyumbani, shilingi 1,500. Kipimo cha damu, 3,500. Dawa ya usingizi, kuzibua na kuwekewa mpira wa mkojo, 7,000. Dripu na kulazwa kwa siku tatu, 6,000. Dawa za kwenda nazo nyumbani, 2,500. Jumla, shilingi 20,500. "Na siwezi kukuahidi kwamba haitajirudia," akaongeza.

Wapo wasomaji watakaosema kwamba kwa mhadhiri wa chuo kikuu fedha hizo si kitu. Hao hawajawahi kuiona hati ya mshahara wa mhadhiri baada ya makato. Isitoshe, palikuwa na jambo zito zaidi. Muhula wa pili ulikuwa ukifunguliwa baada ya wiki moja, na katika simu yangu nilikuwa nimeweka kando shilingi 16,000 za karo ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliye katika kidato cha tatu. Fedha hizo zilikuwa na mwenyewe tayari.

Jirani yangu, yule wa parasetamoli, alinishika bega akasema, "Daktari, ni paka tu." Sitamlaumu. Alisema lile ambalo takriban kila mtu kijijini kwetu angelisema. Lakini kwa kuwa kazi yangu ni maneno, nililiangalia kwa makini lile neno dogo la mwisho. "Tu" ni kielezi chenye herufi mbili, na kazi yake ni kuweka mpaka: hadi hapa, si zaidi. Tunapomwambia mtu kwamba jambo ni "hilo tu", tunampa ruhusa ya kuacha kulifikiria.

Sarufi nayo ina mafunzo yake. Katika Kiswahili sanifu husema "mama yangu", "ndugu yangu", "rafiki yangu", lakini husema "paka wangu" na "mbwa wangu". Wale tunaofungamana nao kwa damu au kwa mapenzi huchukua kimilikishi cha namna moja, na wanyama wetu cha namna nyingine. Usiku ule nilimsikia binti yangu akilia chumbani, "Paka yangu, paka yangu." Siku nyingine yoyote ningemsahihisha.

Nilitoka nje nikampigia mama simu kule Nkubu. Nilitarajia aniambie nisichezee karo ya mtoto kwa ajili ya mnyama. Mama yangu ni mkulima wa kahawa. Kwake ng'ombe ni mali, mbuzi ni akiba, na paka hujitafutia. Nilimweleza: paka ana siku ya pili hajakojoa. Nilitumia neno hilo hilo la Kimeru lisilotamkwa mbele ya mzazi, kwani wasiwasi ulikuwa umenivua adabu. Mama alinyamaza hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema:

"Mwanangu, baba yako alikaa siku mbili hivyo hivyo. Akasema ni baridi imemshika. Usimwache."

Inafaa nieleze. Baba yangu alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 71. Sisi watoto tuliambiwa kwamba ugonjwa wake ulikuwa "wa figo", na hatukuuliza zaidi. Kwa miaka 14 nimejaza neno "figo" katika kila fomu ya hospitali inayouliza maradhi ya ukoo wetu. Usiku ule, kwa sababu ya paka, nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba kilichoanza ni tezi dume iliyovimba na kuubana mrija wa mkojo. Baba, mzee wa heshima, aliona haya kuwaambia wanawe kwamba hawezi kukojoa. Mama naye aliona haya kutuambia kwa niaba yake. Walipofika hospitalini figo zilikuwa zimekwisha kuharibika. Neno "figo" halikuwa uongo. Lilikuwa sehemu ya mwisho ya sentensi ambayo mwanzo wake ulifichwa.

Nilirudi ndani nikamwambia daktari aanze kazi.

Hakuwa na mpira mwembamba wa kupenya mrija wa paka, kwa sababu vifaa vyake vyote vilikuwa vya ng'ombe na mbuzi. Alimlaza Simba kwa dawa ya usingizi, akachukua kile kifuko laini cha plastiki kinachovishwa sindano ya dripu, akakipaka mafuta na kukipenyeza polepole huku akisukuma maji ya chumvi kukiondoa kizibo. Mke wangu alishika taa. Baada ya muda ulioonekana mrefu kuliko mkutano wa seneti ya chuo, mkojo uliochanganyika na damu ulitiririka. Mpira halisi wa paka uliagizwa kutoka Nairobi, ukafika Jumatatu mchana kama kifurushi katika matatu. Simba alikaa nao siku tatu akiwa kwenye dripu.

Nililipa shilingi 8,000 papo hapo, na daktari akakubali nimalizie kwa awamu mbili. Fedha hizo zilitoka katika karo, sitaficha. Nilidhani ningezirudisha kabla ya shule kufunguliwa, sikuweza. Mpwa wangu alirudishwa nyumbani akapoteza masomo ya siku mbili kabla sijapata mkopo wa kuziba pengo. Nilipompigia simu kumwomba msamaha, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mjomba, Simba amepona?" Alilisema bila kinyongo, na huenda ndiyo sababu liliniuma zaidi. Siwezi kusema kwamba niliamua vyema, wala siwezi kusema kwamba ningeamua vingine.

Hata hivyo, naamini kwamba hatukustahili kuwekwa katika njia panda hiyo. Huduma za afya ya wanyama katika nchi hii zilijengwa kwa ajili ya ng'ombe. Tangu enzi za ukoloni daktari wa serikali alijali kupe, ndigana kali na maziwa, na hilo lilikuwa sawa kwa nchi ya wafugaji. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, serikali ilipobana matumizi, tiba iliachiwa watu binafsi hatua kwa hatua, na maduka ya agroveti yakachipuka katika kila soko. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti huduma za mifugo. Lakini hata jina lenyewe, "daktari wa mifugo", linatukumbusha kwamba mnyama anayefikiriwa ni yule wa zizini. Katika vitabu vya somo la kilimo, mwanafunzi hujifunza ugonjwa wa kiwele na minyoo ya kuku. Paka hapewi nafasi kama hiyo.

Sheria ipo. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama pasipo sababu, na Sheria ya mwaka 2011 inamtaka daktari wa mifugo na msaidizi wake wawe wamesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Kwa hivyo, msomaji, una haki ya kumuuliza yeyote anayeitwa "daktari" pale dukani: umesajiliwa? Hilo si tusi. Mimi mwenyewe ningeulizwa hivyo, ningesema mara moja kwamba shahada yangu haizibui chochote.

Haya ndiyo niliyojifunza, nami nayatoa kwa walimu na wanafunzi bila ada. Paka dume akijikakamua mara kwa mara na kutoa matone tu, au damu, au asitoe kitu, usingoje kesho. Usimpe mafuta, usimpe dawa za binadamu, wala usimbinye tumbo, kwa maana kibofu kilichojaa chaweza kupasuka. Mwekee maji safi mahali zaidi ya pamoja. Simba siku hizi hala dagaa wakavu. Huchemshiwa samaki bila chumvi na kupewa pamoja na mchuzi wake. Mwenye uwezo na aweke kando shilingi 200 kila mwezi kwa jina la mnyama wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na asiye na uwezo kabisa asione haya kumwomba daktari amlaze mnyama kwa sindano. Kumwondolea mateso asiyeweza kutibiwa ni wema. Kumwacha siku tatu chini ya kitanda huku tukisema "ni paka tu" si wema.

Lakini somo kubwa si la paka. Paka huficha maradhi kwa tabia aliyozaliwa nayo, kwani mwituni aliyeonyesha udhaifu aliliwa. Baba yangu hakuwa na adui wa kumla. Alifichwa na maneno, au tuseme na ukosefu wa maneno. Tuna tafsida tele: haja ndogo, kujisaidia, kwenda msalani. Tafsida ni pambo zuri la lugha, nami huitetea kila mwaka mbele ya wanafunzi wanaoidhania unafiki. Ila tafsida inapomzuia mzee wa miaka 70 kumwambia mwanawe kwamba mkojo haupiti, haiwi tena adabu. Uvimbe wa tezi dume huwapata wanaume wengi wanapovuka miaka 50, na aghalabu si saratani. Mkojo ukiziba ghafula, tiba ya kwanza ni ile ile aliyopata Simba: mpira, mara moja, bila kungoja kesho.

Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu, wa Kiswahili na wa sayansi, wafundishe maneno haya bila kuinamisha macho: kibofu, figo, mkojo, tezi dume. Mtoto anayeweza kuyataja darasani leo ndiye atakayeweza kumuuliza baba yake kesho. Binti yangu wa miaka tisa aliweza kusema kwamba kuna kitu kigumu kama chungwa, na kwa sababu aliweza kusema, Simba yu hai. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Agosti iliyofuata nilikwenda Nkubu kumwona mama. Tulipokwisha kunywa chai, nilimwambia kwamba nimefanyiwa uchunguzi hospitalini, na kwamba katika fomu ya maradhi ya ukoo nilifuta neno "figo" nikaandika lile la kweli. Hakusema neno. Alinimiminia kikombe cha pili, kisha akaniuliza kama yule paka bado anakunywa maji.